Namna ya Kumwamini Mtu Unayelala Naye Kitanda Kimoja

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tunajua kuaminiana. Anayebisha aende kwenye mkutano wa AVEC, zile jumuiya za kuweka na kukopeshana, katika ua wowote wa Ndosho, Katoyi au Majengo. Atakuta watu kati ya 15 na 25, wengi wao wanawake, wamekaa kwa duara, na katikati yao sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zimeshikwa na watu watatu, na yule anayelilaza sanduku nyumbani kwake hana hata mmoja. Linafunguliwa mbele ya wote. Makuta yanahesabiwa kwa sauti, karne ya kila mtu, kile kijitabu chake cha akiba, inagongwa muhuri kwa idadi ya hisa alizonunua siku hiyo, na zikipungua franka 500 hakuna anayeinuka mpaka ijulikane zimeenda wapi. Wanawake hawa hawakutoka tumbo moja. Wengine walijuana kwenye foleni ya maji baada ya kukimbia vita Masisi au Rutshuru. Hata hivyo mzunguko ukiisha wanagawana akiba pamoja na faida yake, na kila mmoja anaondoka na haki yake.

Kisha mama yuleyule anarudi nyumbani na kuichimbia noti ya dola 10 ndani ya gunia la unga wa mihogo ili mume asiione. Mume naye ana noti zake, amezikunja chini ya sponji ya kofia ya pikipiki. Usiku wanalala chini ya chandarua kimoja, na asubuhi kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba hali ni ngumu.

Mwongozo huu ni wa kulihamishia sanduku lile nyumbani. Nimewabuni wapenzi wawili wa kuujaribia: Riziki na Bahati wa Katoyi, wenye mtoto mmoja aitwaye Furaha, kwa hiyo mtaani ni Mama Furaha na Papa Furaha. Riziki anavuka mpaka wa Rwanda pale Petite Barrière asubuhi mapema kununua nyanya na vitunguu Gisenyi, anakuja kuviuza Birere. Bahati ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki. Pikipiki si yake, na kila jioni lazima ampelekee mwenye nayo fungu lake kabla hajafikiria tumbo lake mwenyewe. Watu hawa hawapo, lakini ukisimama Birere asubuhi utawaona wakipita mara kadhaa.

Vifaa

Daftari la shule, kalamu, viti viwili vya urefu mmoja, na saa moja ya Jumapili jioni mtoto akiwa ameshakula.

Kifaa kinachodharauliwa ni viti. Katika nyumba zetu nyingi baba ana kiti chake kikubwa sebuleni na mama ana kibao chake kando ya mbabula, jiko la makaa. Mazungumzo ya fedha yakifanyika hivyo, mmoja anatazama chini na mwingine anatazama juu, na anayetazama juu huanza kuomba hata kama fedha ni zake. Kama nyumba ina kiti kimoja tu, kiacheni kitupu. Bidoni mbili za manjano za maji zilizolazwa chini zinawatosha watu wazima wawili kwa saa moja.

Kuhusu daftari, chukueni kanuni ya AVEC kama ilivyo: anayeandika hashiki fedha, na anayeshika fedha haandiki. Mwezi ukiisha mnabadilishana. Msianze kwa kusema "sisi tunapendana, ya nini kuandikiana?" Wale wanawake wa kwenye duara nao wanapendana. Wanazikana, wanauguzana, wanabebeana watoto mgongoni. Na bado wanahesabu, tena wanahesabu kwa sauti, kwa sababu wanajua kwamba kinachohesabiwa mbele ya wote hakimlazimishi mtu yeyote kulala macho akijiuliza.

Jumapili ya kwanza

Hatua ya kwanza ni kutaja kiasi. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na nyumba nyingi hazijawahi kuifanya hata mara moja. Mke anajua mume "anatafuta", mume anajua mke "anauzauza", basi.

Riziki na Bahati wameketi juu ya bidoni zao. Furaha amelala.

"Papa Furaha, anza wewe."

Bahati anageuza kofia yake, anatoa noti, anazinyoosha juu ya goti moja baada ya nyingine. "Ukitoa ya mwenye pikipiki, ukitoa mafuta, ukitoa tairi la Jumatano, wiki hii nimebaki na dola 18."

Riziki anafungua fundo la kitenge chake. "Mimi mtaji umekaa pembeni, siugusi. Faida ni dola 26."

Kimya.

Mwongozo unawataka mkikalie kimya hicho bila kukikimbia. Mke asikimbilie kusema "si kitu, hata wewe utapata," maana huko ni kumbembeleza mtu mzima kama mtoto aliyeanguka. Mume asidake simu. Wala asianze kuuliza kwa nini nyanya zinalipa hivyo na nani huyo anayezinunua. Dola 26 ni nyingi kuliko dola 18, na paa la nyumba bado liko mahali pake.

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu katika mji huu aibu ya mwanaume imevunja nyumba nyingi. Mwaka 2012 mashirika ya Promundo na Sonke Gender Justice yalifanya utafiti kwa wanaume na wanawake wa Goma na vijiji vya Kivu Kaskazini. Wanaume wengi walieleza aibu wanayoibeba mbele ya wake na watoto kwa kukosa kazi na kushindwa kutunza nyumba. Vita viliwanyang'anya mashamba na ng'ombe, mji haukuwapa kazi, lakini kipimo cha uanaume kikabaki kilekile cha zamani: baba ni yule anayeleta. Asiyeleta anaona nyumba nzima inamcheka hata kama hakuna aliyefungua mdomo. Ndiyo maana anadanganya kuhusu kiasi, anachelewa kurudi, anapita kwenye pombe ya kasiksi, na mwisho anapiga. Taasisi ya Living Peace, iliyoko hapahapa Goma, imekuwa ikiwakusanya wanaume katika vikundi wayaseme haya wakiwa wao kwa wao, na wake zao nao wanaalikwa kueleza wanachokiona nyumbani. Mwanaume anayeweza kutamka "nimepata kidogo" mbele ya wanaume wenzake amefika karibu na kulitamka mbele ya mkewe.

Lakini kutaja kiasi hakutoshi kama hamjakubaliana kiasi hicho kinanunua nini. Rudini tena kwenye sanduku. Katika AVEC, siku ya mkutano mwanachama ananunua kuanzia hisa 1 hadi 5, kadiri mkono wake unavyofika. Mwenye hisa 5 atapata zaidi siku ya kugawana, ni haki yake. Ila linapokuja suala la kuamua, nani akopeshwe, nani avumiliwe, kanuni ibadilishwe vipi, mwenye hisa 5 ana kura moja na mwenye hisa 1 ana kura moja. Njia hii ilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliokuwa wakisaidiwa na shirika la CARE. Kwa maoni yangu, kura hiyo moja moja ndiyo imeifikisha hadi kwetu.

Nyumbani basi: Bahati ameweka 18, Riziki ameweka 26, kura moja moja. Mwaka ujao Bahati akipata pikipiki yake na kuweka 60, bado ni kura moja moja. Na kwa kuwa watu wawili wakipiga kura wanaweza kufungana tu, bila mwenyekiti wa kuvunja sare, dawa iliyobaki ni kuongea mpaka mmoja aelewe. Ikifika usiku hamjaelewana, jambo linaandikwa kwenye daftari na kusubiri Jumapili nyingine. Ni mambo machache sana yanayoshindwa kusubiri Jumapili.

Kabla hamjainuka, kila mmoja achukue fungu dogo lisiloulizwa, na mafungu hayo yalingane: dola 2 kwake, dola 2 kwake. Akinunua bia, akisuka nywele, akimpa rafiki, halali yake. Anayenyimwa hata fungu hilo ataanza tena kuchimba ndani ya unga.

Wakwe

AVEC ina mfuko wa pembeni, wa maradhi, misiba na watoto. Kila mtu anachangia kiasi kilekile kila mkutano, na mtu akifiwa hakopi, anapewa. Nyumba bila mfuko huu itaanguka kwa simu ya kwanza kutoka kijijini.

Na simu zinakuja. Mdogo wake Bahati anadaiwa karo. Mama yake Riziki yuko Sake, mguu unamuuma. Desturi yetu mbovu ni hii: ndugu za mume wanasaidiwa mchana kweupe, kwa kuwa "ni wajibu", na mama wa mke anatumiwa fedha kwa siri kupitia kabini ya fedha za simu, kana kwamba binti yake anamwibia mtu. Mke anayemsaidia mama yake kwa kujificha tayari amefundishwa kwamba nyumba si yake.

Hatua ni kuchora mistari miwili katika ukurasa mmoja, upande wa kwao Bahati na upande wa kwao Riziki, na kila kinachotoka kwenye mfuko kinaandikwa upande wake. Hesabu hazitalingana kila wiki, kwa sababu maradhi hayajui zamu. Zitazamwe kwa miezi. Kama mwaka umekwisha na upande mmoja umejaa wino, mwingine mweupe, basi kuna mama mmoja anayenyimwa, na wote wawili sasa wanamwona.

Shemeji watalalamika. Watasema Bahati amelishwa dawa. Jibu lake liwe fupi na la heshima: "Yaya, subiri Jumapili, nitaongea na Mama Furaha." Akiona aibu kulitamka jina la mkewe mbele ya kaka yake, aanze kwa kujifunza hapo.

Simu

Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Noti zikaadimika, mishahara na misaada ya ndugu ikawa inaingia kwa simu, na mwenye kabini aliyekuwa na noti mkononi akawa anakata asilimia anayoitaka. Mji mzima ukajikuta unaishi ndani ya namba nne za siri. Na hapo zikaonekana nyumba nyingi ambamo namba hizo zilijulikana na mtu mmoja. Kama yule mmoja alikuwa amekwama upande mwingine, au ametoroka, au hayupo tena, mke alibaki na laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, fedha ziko ndani, watoto hawajala.

Kwa hiyo namba ya siri ya laini ya fedha inajulikana na wote wawili. Hakuna maelezo zaidi hapo. Ikiwezekana, kila mmoja awe na laini yake iliyosajiliwa kwa jina lake, na kila mmoja ajue namba ya mwenzake.

Ujumbe ni jambo jingine, na hapa mwongozo unaomba usikilizwe vizuri na wenye wivu. Mkutano wa AVEC unahesabu kila franka, lakini hakuna mwanachama aliyewahi kupekuliwa mkoba wake mlangoni. Kuhesabu kile mlichoweka pamoja ni haki ya wote wawili. Kuchakura kile mwenzako alichoandikiana na dada yake saa sita usiku, wakati amelala, ni kuvunja kufuli. Mwenye shaka aulize akiwa ameketi juu ya bidoni, kwa sauti ya kawaida: "Mama Furaha, yule anayekupigia kila jioni ni nani?" Na anayeulizwa ajibu, asigeuze swali kuwa kosa. Najua wapo waliosoma simu na kukuta kweli walichokihofia. Hao tatizo lao halikuanzia kwenye simu, na wala simu haitalimaliza.

Bahati na Riziki walikubaliana hivi: simu zinalala juu ya meza ileile, skrini juu, na hakuna anayeshika ya mwenzake bila kuombwa. Wiki ya kwanza Bahati hakulala vizuri. Ya tatu alilala.

Maji

Mji wetu umejengwa kando ya ziwa lenye maji mengi kuliko tunavyoweza kunywa, na kila asubuhi wakazi wengi wanatafuta maji. Anayeyatafuta ni nani? Mwanamke na watoto, bidoni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo yanayokata viatu.

Lakini tazama barabarani. Vijana na wababa wanasukuma chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili, zilizopakiwa bidoni mpaka mti unalia, wanawapelekea watu maji majumbani. Tunawaheshimu. Tangu mwaka 2009 mchukuzi wa chukudu ana sanamu yake ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Maana yake bega la mwanaume halina ugomvi wowote na maji. Mwanaume akilipwa, kubeba maji ni kazi ya kiume yenye sanamu. Akibeba bidoni moja kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe, majirani wanaziba midomo wakicheka.

Hatua hii basi haihitaji nguvu, inahitaji njia. Bahati aende robineti mchana, kwa njia kubwa, si usiku kwa njia ya nyuma. Akienda kwa kificho atakuwa anaubeba mzigo huku akiukana. Siku ya kwanza watacheka. Siku ya pili atachekwa na wachache, kwa kuwa wengine watakuwa wamepata la kufikiria. Naye ajue kwamba kwa kubeba bidoni hajamsaidia Riziki kazi yake. Furaha anaoga kwa maji yale, na Furaha ni wa wote wawili. Neno "kumsaidia" liachwe kwenye kibao kando ya mbabula.

Kwa upande wake Riziki naye ana kazi isiyo nyepesi: kutosahihisha. Bahati akisonga bugali lenye mabonge, liliwe. Akimfunga Furaha kitenge mgongoni na mtoto akainama upande mmoja kama mzigo wa viazi, mradi haanguki, waache waende. Wanawake wengi niwajuao wamewafukuza waume zao jikoni kwa ulimi, halafu wakalia kwamba hawaingii jikoni.

Karatasi

Hapa mwongozo unakuwa mzito kidogo, na naomba usirukwe.

Kanuni ya familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987 ilisema mume ndiye kiongozi wa nyumba na mke anapaswa kumtii. Ilisema pia kwamba mke lazima apate idhini ya mume kabla ya kufanya tendo lolote la kisheria linalomfunga: kusaini mkataba, kwa mfano, au kufungua akaunti. Riziki wa wakati ule angeweza kuuza nyanya miaka 20 na bado asiwe na saini yenye uzito. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 14, ikaja na usawa wa wanawake na wanaume. Miaka kumi baadaye, tarehe 15 Julai 2016, sheria namba 16/008 ikairekebisha ile kanuni ya familia. Idhini ya mume ikafutwa. Sasa wanandoa wanatakiwa kukubaliana wao kwa wao kuhusu matendo ya kisheria yanayowafunga, na badala ya utii wa upande mmoja sheria inasema kuheshimiana.

Ila kifungu cha 444 bado kinamwita mume kiongozi wa nyumba. Sioni sababu ya kulificha hilo, wala sioni sababu ya kulipenda. Wapenzi wakisome wote wawili, wafike mwisho wake, waone kwamba mume anaitwa kiongozi katika kifungu kilekile kinachotaka heshima iende pande zote mbili. Kisha waamue kwenye daftari nyumba yao inaendeshwaje. Sheria haijamkataza mume yeyote kuwa na kura moja.

Yote haya yana nguvu kwa ndoa iliyoandikishwa komini. Wengi wetu tumeishia kwenye mahari na sherehe, tukasema komini tutaenda tukipata fedha. Mahari ni heshima kwa wazazi na sheria yenyewe inayatambua, lakini siku ya ugomvi wa kiwanja, anayeulizwa karatasi haonyeshi mbuzi. Nendeni komini, ya Goma au ya Karisimbi kadiri mnavyokaa. Ofisa atawauliza mnachagua utaratibu gani wa mali, na kuna wa aina tatu: kila mtu na chake, vyote ni vya pamoja, au ule wa katikati, ambapo alichokuja nacho kila mmoja kinabaki chake, na mlichokichuma ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Msipochagua, sheria inawachagulia huo wa katikati. Jambo la kusikitisha ni kwamba wapenzi wengi hufika mbele ya ofisa wakiwa wamechagua rangi ya kitenge cha wasindikizaji kwa miezi mitatu, na swali hili wanalisikia palepale kwa mara ya kwanza. Lijadilini Jumapili mbili kabla.

Na siku mkinunua kiwanja, hata cha mawe matupu huko juu, majina mawili yaandikwe. Riziki alipolitaja hili, Bahati aliuliza, "Kwani huniamini?" Alimjibu, "Nakuamini. Sijui tu ni nani atakuwa anaongea na mimi siku hupo." Bahati ana kaka watatu. Alikaa, akafikiri, akaandika.

Karatasi zote ziwe katika mfuko mmoja wa plastiki unaojulikana na wote wawili: cheti cha ndoa, cha kuzaliwa cha Furaha, hati ya kiwanja, kadi za uchaguzi. Goma si mji wa kusema nitazitafuta kesho. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulitoka tena jioni, na siku tano baadaye, alfajiri, tukaambiwa mitaa 10 kati ya 18 ihame. Watu wakaenda Sake, wakaenda Rubavu, wakapanda mitumbwi kwenda Minova, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Kubalianeni leo: mkitengana, mnakutana kwa nani, na nani anambeba mtoto, nani anabeba mfuko.

Faini

AVEC yoyote ina faini. Kuchelewa, kupiga kelele, kusahau karne, kila kosa lina bei yake, na bei imepangwa siku ambayo hakuna aliyekosa. Hilo linaniridhisha sana. Wanawake wale hawakuanza kwa kudhani wote ni malaika, waliketi wakaandika mapema nini kitafanyika mtu akiteleza, ili akiteleza asifukuzwe na pia asiachwe hivihivi.

Kuna jambo moja halina faini. Nyumba ambamo mtu anapigwa, au ananyimwa kutoka, au anakula kwa hofu, haiko kwenye mwongozo huu. Daftari halitibu ngumi. Huko kwanza ni kutafuta usalama, kwa mzazi, kwa jirani, kanisani, kwa mashirika ya wanawake ambayo mji wetu unayo mengi, na mazungumzo ya viti viwili yasubiri mpaka atakayeketi awe haogopi.

Kwa makosa mengine, pangeni bei. Nyumbani faini ya fedha haina maana, fedha itatoka mfuko huu iingie mfuko uleule. Lipeni kwa kazi ambayo kila mmoja anaikwepa.

Wiki ya saba Bahati alimpa rafiki yake dola 5 kutoka sanduku la pamoja, akaandika "tairi". Riziki aliliona tairi jipya halipo, akasubiri Jumapili. Bahati hakubisha. Alisema rafiki alikuwa amekamatiwa pikipiki, na yeye Bahati aliona haya kumwambia mkewe kwamba alishindwa kusema hapana. Faini: maji ya wiki nzima, bidoni nne kila asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki.

Alipomaliza kulipa, Riziki alifungua fundo jingine la kitenge, lile la ndani, akatoa dola 12. Zilikuwa za kabla ya daftari. Alikuwa hajazitaja Jumapili zote saba.

Bahati alizitazama. "Bado ulikuwa na unga?"

"Bado nilikuwa na unga."

Ilikuwa zamu yake Bahati kuandika. Akaandika dola 12 upande wa walichokiweka, na chini yake faini: Mama Furaha, kuosha pikipiki, wiki moja, na tope la Ndosho likiwemo. Kisha akamgeuzia daftari ili asome kama ameandika sawa, na Riziki akataka neno "tope" likatwe. Wakapiga kura. Ikawa sare, moja kwa moja. Imeandikwa ya kwanza kwenye ajenda ya Jumapili ijayo, juu ya karo ya mdogo wake Bahati na mguu wa mama yake Riziki.